Mapichi ya Kufunga kwa Uzi

Kazi yenyewe ilikuwa ya kijinga na wote wawili walijua, ila mke peke yake ndiye aliyekuwa tayari kuisema. Kinyozi alisimama juu ya stuli aliyoileta kutoka saluni kwake, mikono ameipenyeza kwenye matawi ya mpichi ulioko nyuma ya nyumba, akifunga tunda kwa uzi wa kahawia. Mkewe, fundi cherehani, alimshikia bakuli la mapichi ya sokoni. Uso alikuwa ameukunja tangu asubuhi.

"Fundo linaonekana," alisema. "Ukiamua kudanganya, danganya vizuri."

"Basi panda ufunge wewe."

"Sipandi ng'o. Mimi nimetoa uzi tu, na huo uzi wenyewe nitauomba msamaha."

Kinyozi hakujibu, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Mtaani walimwita Profesa. Hakupewa jina hilo kwa kusoma. Alipewa kwa sababu hakuna neno lililoingia saluni kwake likakosa jibu. Mpira, siasa, mgongo unaouma, ndoa za watu, yote aliyatolea hukumu, na mtu mwenye wembe shingoni hana haraka ya kubisha. Habari ya miche aliingia kwa mtindo huo huo. Dukani kulikuwa na aina mbili za mpichi. Moja picha yake ilionyesha tunda kubwa kama ngumi, jekundu linalong'aa, na jina lake Malkia. Ya pili tunda lake lilikuwa dogo, la njano iliyopauka, na wala hakuna aliyejisumbua kulipa jina la maana. Muuza miche alianza kumweleza habari za baridi. Profesa akamkata kauli, "Mama, mimi si mgeni wa mambo haya," akaondoka na Malkia wake.

Mti ulikua vizuri, tusiufanyie fitina. Kilichokosekana ni matunda. Kila msimu wa baridi ulipopita, majani yalichelewa kutoka, yakaja kutokea kwenye ncha za matawi tu, huku chini kote kumebaki kutupu. Maua yalikuja machache, tena kwa zamu kama watu wasiosikilizana, kisha yakapukutika. Alimwaga mbolea, akamwaga maji, akapogoa mpaka mti ukamwogopa. Mwishowe alirudi dukani, safari hii kwa sauti ya chini.

Muuza miche hakumcheka. Alimweleza kwamba mpichi hulala wakati wa baridi, na kila aina ina kiasi chake cha baridi inachohitaji ndipo iamke sawasawa. Malkia anataka baridi kali, ya majuma na majuma. "Hapa kwetu asubuhi unavaa sweta, saa sita umeshalivua," alisema. "Mti wako haujawahi kulala usingizi ukashiba. Wa kwetu ni ule mdogo. Wenyewe unaridhika na baridi kidogo." Profesa alimshukuru, akatoka, na njia nzima alitembea akiangalia viatu vyake.

Angeishia hapo, ingekuwa aibu ndogo ya mtu na mti wake. Tatizo ni dada yake.

Dada alikuwa mkunga mstaafu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea huyu mdogo wake, akamwogesha, akampeleka shule, akamtandika alipostahili. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mpichi aliopanda marehemu mumewe mwaka waliohamia pale. Ulikuwa ule mdogo, wa njano iliyopauka, umepinda, na kila mwaka kabla ya mvua ulizaa mpaka matunda yakaokotwa kwa ndoo. Dada alikuwa akipika jamu, akigawa kwa majirani, na jioni akikaa chini yake kwenye kiti cha marehemu. Profesa hakuupenda mti ule hata kidogo. Kila alipofika alikuwa akisema, "Dada, kata hii takataka, nikuletee kitu cha kisasa." Dada alikuwa na jibu moja siku zote: wa kwako ukizaa, na mimi nitaukata wangu.

Siku aliyopiga simu, saluni ilikuwa imejaa. Simu iliwekwa kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa na povu.

"Mdogo wangu, mti wako vipi mwaka huu? Umezaa?"

Wateja wote walinyamaza. Wale ndio waliokuwa wakimuuliza kila msimu, "Profesa, mapichi yameiva?" huku wakikonyezana kwenye kioo. Alitazama nyuso zile zinazosubiri kicheko, damu ikamchemka.

"Umezaa?" alisema kwa sauti. "Matawi yanainama, dada! Njoo ujionee!"

"Nitakuja Jumamosi," dada alisema, na furaha yake ikasikika saluni nzima.

Hiyo Jumamosi ndiyo leo.

"Niambie kitu kimoja," mke alisema sasa, akimpa pichi jingine. "Ukishamwonyesha mti uliojaa, utamzuiaje asiukate wake? Si ndiyo ahadi yenu?"

"Nitajua cha kusema."

"Utasema nini? Huo wa shemeji yako ndio mti pekee wenye akili katika ukoo huu."

"Nitamwambia auache kwa ajili ya kumbukumbu," alisema Profesa, na hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi. Alijua kabisa nini cha kufanya. Ni kushuka kwenye stuli, kumpokea dada mlangoni na kumwambia: nilikosea aina, wa kwako ndio sahihi. Maneno machache tu. Alipojaribu kuyasema kimoyomoyo masikio yakamwaka moto, akaendelea kufunga.

Dada alifika kabla jua halijawa kali, amevaa gauni la kutokea na kiremba kipya kana kwamba anakuja kumwona mtoto mchanga. Alimkumbatia wifi yake, akamwuliza hali ya macho, halafu akapitiliza moja kwa moja uani.

"Masikini mimi!" alisema, mikono kifuani. "Tazama hayo! Wifi, mbona hukuniambia?"

Mke alisema ana kitu jikoni, akaondoka haraka.

Profesa alibaki akitabasamu kwa meno tu. Dada aliuzunguka mti. Mikono yake iliyopokea watoto wa nusu ya mji haikujua kutazama bila kugusa. Alilishika pichi moja kwa chini, akalipima uzito, akaligeuza polepole kulikagua. Akasita. Akavaa miwani.

"Mdogo wangu," alisema. "Mti wako unazaa matunda na lebo?"

Kweli, upande wa nyuma kilibaki kibandiko kidogo cha sokoni. Dada akavuta, uzi ukamfuata. Akavuta jingine, nalo likaja na uzi wake. Alimtazama Profesa aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa darasani, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika shina la mti. "Umeyashona! Jamani, huyu mtoto kayashona! Wifi, njoo, nimekujua, huu uzi ni wako!"

Kicheko kile kilimfungua Profesa kifua. Na yeye akacheka, machozi yakamtoka, na hapo hapo akaona mlango umefunguka wa kusema yote. Akayasema. Kwamba Malkia ni mti wa nchi za baridi kali. Kwamba amelijua hilo tangu msimu uliopita, ila alishindwa kufungua mdomo mbele ya watu. Kwamba mti wa shemeji, ule aliouita takataka, ndio uliochaguliwa vizuri. "Usiukate, dada. Tena nitakuja kuomba vijiti vyake nivibebeshe kwenye huu wangu vishikane na kuota, angalau na mimi nile tunda."

Dada alikuwa ameacha kucheka. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena.

"Nimeshaukata," alisema.

Mke alikuwa amefika mlangoni. 

"Nilikuambia uje ujionee kwanza," Profesa alisema.

"Nilikuja kushangilia, sikuja kukagua. Mvua zinakaribia, nikaona nichimbe shimo mapema, leo nikitoka hapa nipitie mche wa Malkia dukani. Nikamwita mtu wa kukata juzi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililozidi kumuumiza. "Nilikuuliza kama umezaa, ukaniambia umezaa. Nikusubirie nini tena? Wewe nimekulea mwenyewe."

 

Wote wawili walikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa dada. Profesa alikuwa amechukua kisu chake kikali na kitambaa kilicholowa maji, kwa tumaini kwamba matawi bado yako pale, kwamba ataokota hata vijiti viwili vyenye uhai. Njiani wateja wake walimpungia mkono, "Profesa, mapichi!" naye akapita bila kuinua uso. Aibu ya saluni, aliyoiogopa mwaka mzima, sasa aliiona kitu cha kuchezea. Angeipokea kwa mikono miwili, mtaa mzima umcheke usoni, mradi akifika aukute mti umesimama.

Uani kwa dada kulikuwa na mwanga mwingi kuliko kawaida. Kiti cha marehemu kilikuwa juani. Kisiki kilikatwa chini kabisa, kazi safi, na pembeni yake kulikuwa na shimo la duara lililochimbwa kwa uangalifu, samadi imeshachanganywa na udongo, tayari kumpokea Malkia.

"Matawi yako wapi?" aliuliza.

"Jirani alichukua kuni. Yamekwisha." Dada alikisogeza kiti, akatafuta pa kukiweka, kivuli hakikuwepo, akakiacha. "Siku ya kukata nilikaa hapa nikaongea na marehemu. Nikamwambia, usinielewe vibaya, mume wangu, mti wako nimeupenda, lakini kijana kasema kuna bora zaidi. Miaka yote ulikuwa ukimcheka na mti wake, na mimi nikikuitikia. Alikuwa ananyamaza tu."

Profesa alipiga magoti akakishika kisiki. Kilikuwa bado na unyevunyevu. "Kinaweza kuchipua," alisema haraka. "Ukikimwagilia, ukikifunika majani, pengine—"

"Usiniambie usichokijua."

Alibaki amepiga magoti, maana kusimama kungemlazimu amtazame usoni. Alisikia viatu vya dada vikisogea mpaka ukingoni mwa shimo, vikasimama.

"Niambie unachokijua," dada alisema. "Shimo limeshachimbwa, mvua zinakuja. Nipande upi?"

Aliinua uso akitafuta kejeli, kwa maana kejeli angeiweza. Hakuiona. Dada alikuwa anamuuliza kweli, akisubiri, vile vile alivyomuuliza kwenye simu.

"Ule ule, dada," alisema. "Kama ule uliokuwa nao."

Dada aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kubadili viatu ili waende dukani.