Kitufe cha Gerson

Gerson alikuwa mlangoni akimenya viazi, kazi ambayo hakuwahi kuigusa alipokuwa na nguvu, pale msichana asiyemfahamu alipopanda kutoka barabarani na mkoba mgongoni.

"Shikamoo, baba. Naitwa Happy, natoka hospitali mjini. Mama alikuja kliniki akasema miguu yako inavimba, na usiku unalala umekaa."

Gerson akamgeukia mkewe, Sabina. "Mama Yotamu, umenishtaki?"

"Nimekushtaki," Sabina akajibu huku akipepeta maharage. "Na mashahidi ninao. Ile mito unayoegemea."

Happy akatoa mkanda laini, akamfunga kifuani. Hauna sindano, alisema. Unafuatilia tu kifua kinavyopanda na kushuka, uwasaidie madaktari kujua kama moyo umechoka, au kama presha imepanda kwenye mishipa ya mapafu. Pembeni ulikuwa na kitufe.

"Pumzi ikikubana, bonyeza. Popote ulipo. Unaniahidi?"

"Ndaga, asante, mwanangu. Naahidi."

Happy aliporudi katikati ya wiki, kitufe kilikuwa hakijaguswa. Gerson alikuwa ameshinda kitandani tangu siku ile, ametulia kama maji ya mtungini.

"Mgeni akija, nyumba hufagiwa," akajitetea. "Nami nimefagia kifua."

Happy akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Baba, mimi nimepanda mlima huu kuja kuona takataka zenyewe. Ishi kama kawaida yako, tafadhali."

Kawaida yake ilikuwa Jumapili. Gerson ndiye aliyeongoza besi kwenye kwaya ya kanisa lao la mlimani, na kwaya ile ilikuwa na desturi moja: kiongozi akishindwa kumaliza wimbo, nafasi huchukuliwa na aliyesimama nyuma yake. Nyuma yake alisimama Anania.

"Kaka, besi yako siku hizi ina mashimo kama barabara ya masika," Anania alimtania wakivaa majoho.

"Pita taratibu basi, usivunje springi."

Wakaimba. Ubeti wa tatu ulipofika, sauti nyingine zikanyamaza, besi ikabaki peke yake. Katikati ya mstari pumzi ya Gerson ikakata. Alijua la kufanya, maana alikuwa amelifanya mwaka mzima: kufumbua mdomo tu, wenzake wambebe. Nani angejua?

Akamwona Sabina kwenye benchi la akina mama, ameacha kuimba, anamtazama kifua. Akamkumbuka na yule binti na mkoba wake.

Akaingiza mkono ndani ya joho, akabonyeza.

Kitufe kikalia, tiii, kikasikika mpaka mlangoni. Watu wakageuka. Gerson akaketi mbele ya kanisa zima, mikono magotini, akihema. Nyuma yake Anania akaidaka besi kabla haijaanguka, akaenda nayo.

Hata alipoketi, pumzi ilimbana tena. Akabonyeza tena.