Komamanga Ndani ya Maji

Kadogo alikata taji la komamanga kwa kisu kifupi, akachanja ganda kufuata mbavu zake bila kugusa punje, akatia vidole gumba vyote viwili na kulipasua. Mama yake, aliyezikwa mwaka uliopita, akasema kutoka ndani, "Afadhali. Humu mna joto."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani wapo?"

Walikuwepo wote. Kila Jumapili walikuja kula kwa Kadogo, kwa sababu ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda kupika. Umri wake ulishapita hamsini. Jina la Kadogo alipewa akiwa kitindamimba mchanga, na halikukua naye. Mezani alikaa kaka yao mkubwa, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu ambaye hata chumvi aliiomba kama anayesoma taarifa. Kando yake alikaa mkewe. Mbele yao alikaa dada yao, mwenye duka la vitambaa, ambaye kila wiki alimwambia Kadogo akae apumzike, huku akimnyooshea sahani tupu.

Kadogo aliweka nusu mbili za komamanga katikati ya meza.

"Mama yumo," alisema.

Wakamwamkia mmoja mmoja, kwa ukubwa. Mke wa kaka akauliza habari za huko. Mama akasema za huko njema, ila pamebana. Kisha, kwa sauti ileile aliyozoea kuulizia dawa zake, akasema, "Yule fundi saa alirudi."

Kadogo alikuwa ameinua mwiko agonge ganda ili punje zidondoke. Mkono ukabaki hewani.

Fundi saa alimposa zamani, wote wawili wakiwa vijana. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucha safi, anayecheka bila kutoa sauti. Mama alipopooza, Kadogo alimwomba asubiri kidogo. Baadaye ndugu zake walimwambia kwamba amehamia mji mwingine bila kuaga. Aliamini. Alimchukia kwa muda, kisha hata kuchukia kukamchosha, akabaki na kazi ya kumgeuza Mama kitandani.

"Alirudi na wajomba zake," Mama aliendelea. "Walikaa hapo hapo sebuleni. Kadogo alikuwa amefuata dawa zangu. Mkawaambia ameshaolewa, yuko mbali, na tena ana..."

Kaka mkubwa akanyoosha mkono, akabandua fungu la punje na kulitia kinywani. Sauti ya Mama ikafifia kama redio iliyofunikwa kwa mto.

"Nina nini?" aliuliza Kadogo.

"Pacha," alisema dada yake, akichagua punje nyekundu zaidi. "Hilo la pacha ni la Kaka. Mimi nilisema mmoja anatosha."

"Mambo ya kale hayo," alisema kaka mkubwa. "Na tulikaa kikao, hakuna aliyejiamulia. Mimi nilikuwa na kazi ya kuzunguka. Dada yako alikuwa na duka. Wewe ulikuwa huna kitu."

"Nilikuwa naye yeye."

Kaka mkubwa alilitafakari jambo hilo kwa haki yote, kama alivyotafakari maombi ya uhamisho ya walimu, halafu akachukua punje nyingine.

"Yanaongeza damu haya," alisema.

Wakaendelea kula. Kila punje iliyopasuka ilitoa nusu neno, na neno likamezwa pamoja na maji yake. Dada alisifia utamu. Mke wa kaka peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Wifi, wiki ijayo yafungulie ndani ya maji," alisema. "Unalizamisha kwenye beseni, unalipasua humohumo. Punje zinazama, utando unaelea, na nguo hazipati madoa." Akapunguza sauti, kwa heshima ya marehemu. "Na watu tutakula kwa utulivu."

Walipoondoka walibeba na makomamanga yaliyobaki jikoni, wakasahau moja nyuma ya birika. Kadogo akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akalifungua.

"Mama, siku ile ulikuwa chumbani. Uliwasikia?"

"Kila neno. Nilipooza miguu, si masikio."

"Na miaka yote ile hukuniambia."

"Ungeondoka," alisema Mama. "Nani angenigeuza?"

Kadogo alingoja. Alidhani mtu hawezi kurudi kutoka kote huko bila kuwa na neno la kuongeza. Hata pole ingetosha.

"Lakini wameshiba?" aliuliza Mama. "Kaka yako naona amekonda."

"Wameshiba, Mama."

Akazila punje zote bila haraka. Zilikuwa tamu kuliko alivyotaka ziwe.

Kesho yake alipanda basi kwenda mjini, kwenye kibanda cha zamani cha fundi saa. Hakuwa amehama popote. Kibanda kilikuwa palepale karibu na posta, na yeye alikuwa ndani, mvi kichwa kizima, lenzi jichoni, picha ya wajukuu ukutani. Alimtambua Kadogo mara moja. Alisimama, akafuta kiti kwa kiwiko cha shati, akamkaribisha.

"Pacha hawajambo?" aliuliza, kwa wema kabisa.

Kadogo alizitazama saa zote zile, kila moja ikisema lake.

"Hawajambo," alisema. "Wamekuwa wakubwa."

"Tunamshukuru Mungu," alisema fundi saa, na uso wake ukaonyesha kwamba alikuwa anashukuru kweli.

Jumapili iliyofuata Kadogo alijaza beseni maji, akazamisha komamanga na kulipasua humohumo. Mapovu yakapanda, makubwa kwanza, kisha madogo ya harakaharaka. Hakuinamisha sikio. Alishikilia kwa mikono miwili mpaka maji yalipotulia. Punje zikazama na utando ukaelea, kama wifi alivyosema. Akazichuja, akazitia kwenye bakuli la kioo na kupeleka mezani.

Kaka mkubwa alionja, akafumba macho.

"Haya sasa ndiyo makomamanga," alisema. "Yapo mengine?"

"Yapo mengi," alisema Kadogo. Akarudi jikoni, akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.