Asiyejua Akae Mbele

Jirani yetu mshonaji, ambaye dirisha la cherehani yake linatazama shule, anasema mwalimu wa sayansi amechanganyikiwa. Kila siku watoto wakishatoka, anasema, mzee wa watu anasimama mbele ya ubao, walimu wenzake watatu wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa kifuani, na wanamcheka mpaka analia. Ameyaona kwa macho yake mawili. Amemwona akijifuta kwa kitambaa.

Mimi ndiye mfagiaji wa shule hiyo, na siku ya kitambaa hicho nilikuwa mle ndani. Mwalimu hakulia. Lilikuwa vumbi la chaki. Mengine ni kweli.

Agizo lilikuja mwanzoni mwa mwaka: masomo ya darasa la tano kwenda juu, yaliyokuwa kwa Kiingereza, sasa yote kwa Kiswahili. Ungedhani walimu watafurahi. Lakini Kiswahili cha kununulia vitunguu ni kimoja, na cha kufundishia sayansi ni kingine. Mwalimu huyu alikuwa na miaka ishirini na sita ya Kiingereza mdomoni. Wiki ya kwanza alianza sentensi tatu mbele ya darasa la saba, asimalize hata moja. Mwalimu mkuu akamwambia mkaguzi atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akimkuta vile, darasa atapewa mwingine, na yeye atakwenda stoo kugawa vitabu.

Ndipo wale wanne wakaanza kukutana saa tisa. Mmoja anafundisha, watatu wanakuwa wanafunzi. Aliyewaongoza ni mwalimu wa darasa la kwanza, tunayemwita Mama Irabu, kwa kuwa yeye peke yake amefundisha kwa Kiswahili maisha yake yote.

"Mtoto mkubwa, simama wima," alimwambia mwalimu wa sayansi. "Na usiongee na ubao. Ubao hauna masikio."

"Shikamoo, mwalimu," akajibu yule mzee, na wakacheka wote, yeye wa kwanza.

Akikwama kwenye neno, mwenzake anamrushia, naye analiandika kwenye pembe ya ubao. Niliagizwa pembe ile nisiifute. Ikajaa mpaka ikaanza kushuka chini.

Somo la Ijumaa hiyo lilikuwa nyenzo. Akalirudia siku baada ya siku. Wenzo ni mashine rahisi yenye egemeo, mzigo na jitihada. Mwanzo maneno yalikuja kwa kuvutwa, kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Jumatano hakukwama popote. Mwalimu wa hesabu akapiga makofi.

"Umeiva, kaka. Sasa twende nyumbani, mgongo wangu si wa dawati hili."

Mama Irabu hakupiga makofi. Alinigeukia mimi. "Binti, umesikia wiki nzima. Wenzo ni nini?"

Nikasimamisha ufagio. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani. "Sijui, mwalimu," nikasema. "Kuyasema naweza. Lakini sijui ni kitu gani."

"Si Kiswahili hicho?" akauliza mwalimu wa hesabu.

"Ni Kiswahili," nikasema.

Mama Irabu akainuka. "Sisi tumekuwa tunaitikia kwa sababu jibu tulikuja nalo kutoka nyumbani. Tumemsahihisha maneno, somo hatukulitazama. Asiyejua akae mbele." Akanipa dawati lake.

Nikakaa. Chumba kile hakikuwa kigeni kwangu. Miaka sita nyuma nilisoma humo humo, na mwalimu huyu huyu akatufundisha somo hili hili kwa Kiingereza. Nililikariri kama kasuku, mtihani wa la saba ukanikataa, shule ikaishia hapo. Yeye hakunikumbuka, nami sikumkumbusha. Tuliokaa nyuma na kunyamaza tulikuwa wengi.

"Wenzo ni mashine rahisi..." akaanza.

"Hiyo nimeisikia, mwalimu."

Akakuna kichwa. "Asubuhi ukifika unaanza na nini?"

"Nachota maji kwenye tangi la chini."

"Ule mfuniko wa zege unauinuaje peke yako?"

"Nachomeka mtaimbo, naweka jiwe chini yake karibu na mfuniko, halafu nakandamiza huku mwisho."

"Na jiwe ukiliweka karibu na mkono wako?"

"Hautoki, hata ukining'inia."

Akanitazama. "Twende ukatuonyeshe."

Tukatoka watano. Jiwe likiwa karibu na mkono, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa uzito hana mpinzani, aliulalia mtaimbo na mfuniko haukutikisika. Nikalisogeza jiwe, nikakandamiza kwa mkono mmoja. Mfuniko ukainuka.

"Jiwe ndilo egemeo," nikasema. "Mfuniko ndio mzigo. Jitihada ni mkono wangu."

"Nani kakwambia?" akauliza mwalimu wa sayansi.

"Si wewe? Wiki nzima unasema."

Ijumaa mkaguzi alikuta darasa la saba tupu. Watoto walikuwa kwenye tangi, wanagombea mtaimbo. Mwalimu alikwama mara mbili. Mara zote mbili aliwauliza watoto, wakamrushia neno, akalipokea na kuendelea. Mwishowe mkaguzi aliweka kalamu mfukoni akauinua mfuniko mwenyewe, akataka kujua jiwe linaweza kusogezwa mpaka wapi.

Jumatatu mwalimu mkuu akatangaza kwamba mwalimu wa sayansi anabaki na darasa lake. Saa tisa wale wanne wakashika njia za nyumbani kama wengine. Nilipomweleza mshonaji akasema, "Basi amepona," akaendelea kupinda sketi.

Jumanne nilimkuta mwalimu peke yake, anafuta ile pembe ya ubao.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilikuwa mwanafunzi wako. Nilikaa nyuma, karibu na mlango."

Mkono ukasimama. "Mwaka gani?"

Nikamtajia.

"Nyenzo nilikufundisha?"

"Ulinifundisha. Nilikariri."

Akaweka kifutio chini. Kwenye ubao yalikuwa yamebaki maneno mawili.

"Kitabu cha sayansi kina sura kumi na nne," nikasema. "Nimeelewa moja. Naomba unifundishe na hizo nyingine, tuanze ya kwanza. Saa tisa, nikishamaliza kufagia. Na wapo wenzangu wa darasa letu hapa mtaani, wangekuja."

Akatoa kitambaa, akajifuta uso. Ng'ambo, dirisha la mshonaji lilikuwa wazi na cherehani imenyamaza. Nikashika ufagio wangu, nikasubiri jibu lake.