Mbegu Nyekundu Msizitoboe

Desemba ikikaribia, watoto wa mtaani kwetu huanza kupita vichakani na vikopo, wanaokota mbegu za mtipitipi. Ni zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi kichwani. Mwaka huu nimewanyang'anya wengi, na mama zao wananiona mwehu. Basi naandika, anayejua kusoma amsomee asiyejua. Mimi niliishia darasa la saba, mtanisamehe mwandiko.

Jirani yangu Mama Kadia ni Mkristo, mtu wa Chalinze, uwanja wetu ni mmoja. Idi wao hula kwangu, Krismasi sisi hula kwake. Mwaka jana akaniambia, "Mama Mina, mikeka yako inasifiwa mpaka Kaole. Nipambie na mimi nyumba. Vya dukani siviwezi."

Nikafurahi kuombwa. Tukakata tawi la mvinje, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Nyota nilizisuka kwa ukili, uleule wa mkeka. Vifuu vya nazi tukavipaka chokaa, vikikauka unavitundika kwa uzi. Ni kazi ya alasiri moja, na hayo fanyeni tu, hayana neno. Mama Kadia akarudi nyuma kutazama, mikono kiunoni.

"Pamependeza. Lakini nyeupe tupu, jirani, umenishonea sanda? Krismasi bila nyekundu!"

"We mwanamke hushukuru!" nikamwambia, tukacheka.

Hapo ndipo nikaukumbuka mtipitipi uliotambaa kwenye ua wangu wa nyuma. Mbegu hizi nimekua nazo. Bibi yangu alikuwa fundi wa kayamba, na ndani ya mabua ya kayamba alitia mbegu hizo, ndizo zinazolia. Nilikuwa namchambulia kwa mikono yangu, sikupata hata upele. Ila alikuwa na neno lake: "Mbegu hii nzima ni ngoma, ikitobolewa ni sumu. Ifungie ndani." Mimi nilidhani anatutisha tu tusimwibie.

Nikaziloweka, nikazitoboa kwa sindano ya moto, nikatunga mikufu mitatu ya kuzungushia mti. Mmoja ukaning'inia chini, sawa na kimo cha Kadia, na Kadia alikuwa na miaka mitatu.

Kesho yake alasiri nilikuwa barazani nasuka. Mina, binti yangu wa miaka tisa, akaja mbio.

"Mama, Kadia anatafuna shanga!"

"Ngapi?"

"Sijui. Moja ameitema."

Nikaenda, nikamtia kidole mdomoni, nikatoa ganda jekundu. Mtoto anacheka. Mama yake alikuwa sokoni. Neno la bibi likanijia waziwazi kama amesimama nyuma yangu. Likafuatia la mume wangu, Mwishehe, aliyekwisha kuniuliza, "Umeingia kwenye sikukuu ya watu, likitokea la kutokea utasemaje?" Nikaogopa. Nikaona watu wakininyooshea vidole, mchawi, kamlisha sumu mtoto wa Mkristo. Nikamnawisha Kadia mdomo, mkufu nikauficha.

"Nyamaza," nikamwambia Mina. "Usimwambie mtu. Hana kitu huyu."

Na kweli alionekana hana kitu. Alicheza, akala wali wake, akalala. Sumu hii haina haraka. Hilo lishikeni, maana ndilo lililonidanganya.

Asubuhi akaamka anatapika. Adhuhuri ikawa kuhara, na damu. Tukapanda bajaji wote, Mama Kadia na mwanawe, mimi na Mina, mpaka hospitali.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Wali na samaki, daktari. Sote tulikula," Mama Kadia akajibu.

Mimi nimesimama pale, nimeshika fuko la nguo za mtoto. Daktari anaandika. Mina akanivuta kanga.

"Mama, sasa naruhusiwa kusema?"

Wote wakanigeukia. Nikasema mbegu, nikasema sindano. Lakini nikasema, "Nadhani ilikuwa jana. Leo ndiyo nimeona mkufu umepungua." Mina akatazama chini.

"Mngemleta jana," daktari akasema, "ipo dawa ya kunyonya sumu ikiwa bado tumboni. Sasa ni maji ya mshipani, na tuombe."

Siku sita Kadia alikuwa kwenye maji. Krismasi ilimkuta pale, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Siku ya saba akaomba uji. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani.

Nilidhani yameisha. Kumbe Mama Kadia ananisifu mtaa mzima. "Bila huyu jirani ningezika! Yeye ndiye aliyemwambia daktari." Akapika pilau, akaileta kwangu mwenyewe, sahani imefunikwa kawa. Mina aliipokea, akaiweka mkekani, akakaa mbali nayo.

"Mbona huli?" nikamuuliza.

"Wewe kula, mama. Ni yako."

Nikainuka na sahani ileile, nikaenda. Mama Kadia alikuwa jikoni anamenya muhogo. Nikaketi, Kadia akanikimbilia, akapanda mapajani.

"Nilijua siku ileile," nikasema. "Saa kumi. Nilitoa ganda mdomoni mwake kwa kidole changu. Nikamnyamazisha Mina."

Kisu kikasimama. "Saa kumi ya siku ileile?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Aliosha mikono, akaja akamchukua Kadia mapajani kwangu, akaingia naye ndani. Mpaka leo tunaamkiana, lakini Idi iliyopita watoto wake hawakuja.

Mtipitipi nimeung'oa na mizizi. Krismasi inakuja, na mbegu ni nyekundu kweli, zinapendeza. Ziacheni. Na mtoto akitafuna, msiketi kumtazama kama anacheza. Mpelekeni saa hiyohiyo, na semeni mlichokiona, hata kama mkono uliotunga ni wenu.

Mina sasa akiniita, naacha ninachosuka. Lakini siku hizi haniiti sana.