Kopo la Mtani

Mama Asumpta Ngonyani aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa heshima.

"Fundi, wewe ndiye mjuzi. Gari linaweza kuzimwa ufunguo, injini ikaendelea kunguruma yenyewe?"

Pikapu yake ilikuwa imevutwa kwa kamba mpaka gereji ya Henry Kihwele, pale Bombambili, injini imenoki na bomba la moshi limetapakaa oili. Kando alisimama dereva wake, Otto Komba, kofia ameikunja mkononi. Otto alikuwa ameshaeleza yaliyomkuta. Alikuwa anarudi kutoka Hanga na magunia ya maharage, ghafla moshi ukafunika barabara nyuma yake, injini ikaanza kupiga kelele bila yeye kukanyaga mafuta. Akazima ufunguo, akauchomoa kabisa, na bado ikanguruma mpaka ikafa. Wauza viazi wa njiani walizisikia kelele zile. Wao walisema dereva alikuwa anashindana na bodaboda.

Henry alijua jibu. Injini ya dizeli yenye turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, ikianza kunywa oili yake yenyewe, haina haja ya ufunguo wala ya dereva. Alijua pia ni kwa nini hii ilikunywa. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatazama chini, akasema, "Mara nyingi, mama, huwa ni mguu wa dereva."

Hakusema uongo, eti. Alisema "mara nyingi". Waoga nao wana msamiati wao. Mama Asumpta akamgeukia Otto, akamwambia arudishe ufunguo wa geti na asionekane tena kwake. Otto hakubisha. Alimtazama Henry mara moja tu, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati, kisha akaondoka kwa miguu.

Na hawa hawakuwa watu wa kupita tu. Henry ni Mhehe wa Iringa aliyelowea Songea, Otto ni Mngoni wa papo hapo. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawa watani, na wajukuu wakaurithi utani wote bila kupunguza. Hawakuwahi kuamkiana kama binadamu wengine. Otto akifika gereji huanza, "Mtumwa wangu, umeshakula mbwa leo?" Naye Henry hujibu kwamba mbwa wamekwisha, anasubiri Mngoni anenepe. Mama yake Henry alipofariki, Otto ndiye aliyeshuka kaburini, kama ilivyo ada ya watani, akajilaza chali na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyemliwaza Henry siku ile kumzidi Otto.

Sasa turudi kwenye gari. Mvua za masika zilipokuwa zinakatika, Mama Asumpta alilalamika kwamba mabomba ya turbo yanalowa oili. Henry akamweleza vizuri, maana kueleza alijua. "Injini nayo inapumua, mama. Pumzi yake imebeba mvuke wa oili, na mvuke ule unarudishwa kwenye turbo, unachafua njia ya hewa. Tutaweka kopo katikati. Oili itabaki kwenye kopo, pumzi itapita."

Alilichomelea kopo mwenyewe, zuri, lenye kifuniko na mipira miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Ndani akatia stili waya, hii hii ya kusugulia masufuria, ili mvuke ugandie humo. Kidogo ingetosha. Yeye aliishindilia, maana alitaka lisipite hata tone na watu waseme fundi ni Kihwele. Kisha akamwonya Otto, "Hili usiliguse. Nyinyi Wangoni mmezoea mikuki. Nitalimwaga mwenyewe kila wiki."

Hakulimwaga hata mara moja. Baridi ya Juni ikaingia, na wakati wa baridi pumzi ya injini huacha maji pamoja na oili, vikikorogana vinakuwa uji mzito. Pikapu ilipita mbele ya gereji karibu kila asubuhi. Henry aliipungia mkono na kusema moyoni, kesho.

Otto alikuja kumwambia kwamba kijiti cha kupimia oili kinajichomoa chenyewe, na oili inaruka juu ya injini. Henry akamwambia akirudishe. Otto akaja tena. Mara hii Henry alikuwa chini ya gari la mtu mwingine na hata kutoka hakutoka. Alinyoosha mkono, akampa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. "Kifunge kwa nguvu, mtumwa wangu. Kinakataa kazi kama wewe."

Otto akacheka, akakifunga. Kijiti kile kilikuwa kinajichomoa kwa sababu kopo limeziba na pumzi haina pa kutokea. Henry aliziba tundu la mwisho. Oili ikasukumwa kwenye turbo, na injini ikainywa mpaka ikajiua njiani. Na kama ingekuwa mlimani, mbele ya watoto wa shule, isingekufa injini tu! Hilo nalo Henry aliliwaza, na chakula kikamshinda.

Jumamosi jumuiya yao ya kanisani, Henry akiwamo, ilisali nyumbani kwa Otto. Ulipofika wakati wa maombi, mwenyekiti wao, Makarius, alimwombea Otto apate kazi, na asiwe na haraka tena barabarani. Otto aliinamisha kichwa na kuitikia pamoja na wenzake. Kumwona mtu anaombewa dhambi isiyo yake, tena anaitikia, kulimchoma Henry hata akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "Otto hana kosa. Injini ile niliiua mimi."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akafuata, na chumba kizima kikaangua kicheko. Makarius alijifuta macho. "Wahehe bwana. Hata kwenye sala hamumwachi mtani wenu?" Otto mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu. "Mmeona? Mtumwa wangu amekuja kunibebea msalaba."

Henry alikuwa na nafasi ya kusema neno moja zaidi. Badala yake akacheka. Ndiyo, alicheka nao, na kicheko kile kilimtoka kirahisi kuliko ukweli. Alipokuwa anaaga, Leticia, mke wa Otto, alimsindikiza hadi barabarani. "Asante, shemeji. Tangu siku ile hajacheka mpaka leo. Nilikuwa naogopa." Henry aliona aibu. Mficha uchi hazai, lakini yeye alikuwa ameuonyesha, na watu wamedhani ni nguo.

Jumatatu aliwaita Mama Asumpta na Otto gereji. Alilifungua kopo kutoka kwenye gari mbele yao na kumpa Mama Asumpta ule mpira wa kuingilia.

"Puliza, mama."

Mama Asumpta akapuliza mpaka mashavu yakamvimba. Upande wa pili hakukutoka kitu. Henry akafungua kifuniko. Stili waya ilikuwa imegandamana na uji wa kijivu, hata bisibisi haikupenya. Akaonyesha na ule mpira wa baiskeli, bado umefungwa kwenye kijiti, akaeleza kila kitu bila kujipunguzia. "Otto alisema kweli. Alizima ufunguo. Nilijua siku ile ile uliponiuliza. Injini nitaiunda upya kwa mikono yangu."

Otto alilishika kopo, akaligeuza. "Nilikuja kwako mara mbili."

"Ulikuja."

"Na Jumamosi, nyumbani kwangu, ukacheka."

"Nilicheka. Nisamehe, Otto."

Neno hilo halikuwa limewahi kupita kati yao, maana mtani haombi radhi: lolote akutendealo ni utani, na utani hauna kosa. Otto alilisikia vizuri. Uso wake, uliokuwa bado unasubiri mzaha, ukatulia.

Mama Asumpta ndiye aliyeanza kusema. "Nisamehe na mimi, mwanangu. Gari likipona, ni lako kuendesha." Otto akamshukuru, akavaa kofia yake. Kisha akamnyooshea Henry mkono, taratibu, kwa adabu, namna mtu anavyomsalimu mgeni wa ofisini.

"Nimekusamehe, Fundi Henry. Siku njema."

Henry aliushika mkono ule akangoja kutukanwa kama siku zote. Alingoja mpaka Otto akavuka barabara na kukata kona, na tusi halikuja.