Uzi Mweusi Chini ya Boneti

Mama yao alikuwa na namna yake ya kukataa jambo. Habishani, hanuni, halii. Husema tu, "Fanyeni mnavyoona," kisha akaendelea kushona. Wanawe wawili walikua wakijua kwamba maneno hayo maana yake ni hapana, tena hapana ya kufunga na mlango. Lakini mkubwa, tangu awe mtu wa shughuli nyingi, alikuwa amesahau. Aliposema gari la marehemu baba liuzwe kwa mkata spea, mama akamjibu, "Fanyeni mnavyoona," naye akadhani amepewa ruhusa.

Mdogo mtu hakusahau. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa ameinama chini ya boneti, uani kwa mama yake, jasho likimtoka. Walimwita Waya. Baba ndiye aliyempa jina hilo enzi hizo akiwa katoto kembamba ka kutia huruma. Sasa alikuwa fundi umeme wa magari mwenye gereji yake, na mwili ulikuwa umejaa, hata mafundi wenzake walimtania kwamba amekuwa waya wa nguzo kubwa. Jina lilimganda hivyo hivyo.

Kaka alikuwa ametoa sharti moja: likipanda mlima kabla mnunuzi hajafika mchana, linabaki. Lisipopanda, linakwenda kukatwa vipande.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuudhi. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri bila neno. Likifika mlimani, pale ambapo tabo inapaswa kuisukumia injini hewa nyingi, taa inawaka na nguvu zinakatika, gari linajikokota kama mgonjwa anayepandishwa ngazi. Kompyuta ya kupimia ilitaja sensa ya presha kwenye njia ya hewa. Waya akabadilisha sensa. Hali ile ile. Umeme ulifika kwenye soketi yake bila tatizo. Kilichobaki ni ule waya unaopeleka taarifa kutoka kwenye sensa. Mahali fulani ulikuwa ukikatika na kujiunga tena, haraka kuliko kupepesa jicho, na tarakimu za mita yake ya kupimia umeme hazikuonyesha kitu.

"Kama mwizi wa kuku," alinung'unika. "Ukimulika, hayupo."

Mama akatoka ndani, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikifungua: mita ya zamani ya baba, yenye mshale.

"Hiyo yako haioni," alisema. "Mshale ndio unaoona. Na kazi hii ni ya watu wawili."

"Mama, wewe umejuaje mambo ya mshale?"

"Heh! Kabla nyie hamjazaliwa, nani alikuwa anamkalia baba yenu ndani ya gari? Alikuwa na mafundi wa kuwalipa? Yeye anatikisa nyaya, mimi naangalia mshale. Kaka yako kalelewa kwenye usukani, ananyonya huku naangalia."

Miaka yote Waya alimjua mama kama mtu wa cherehani, anayepelekwa dukani kila asubuhi na mumewe. Duka lenyewe halikuwa mbali, ukipiga chafya nyumbani utasikika. Lakini baba alikuwa akizunguka njia ndefu ya mlimani, eti anapenda kuisikia tabo ikivuta pumzi, na mama alikuwa akilalamika kwamba wateja wanamsubiri. Hakuwahi kushuka akatembea. Tangu mzee afariki, mama alikwenda kwa miguu, na njia ya mlimani hakuikanyaga. Waya aliikumbuka migongo yao wawili kwenye viti vya mbele, naye nyuma na mkoba wa shule, na moyo ukamuuma kwa hamu ya asubuhi zile.

Akaunganisha nyaya za mita, akazipitisha dirishani. Mama akakaa kwenye kiti cha dereva, yeye asiyejua kuendesha hata toroli, akaweka mita mapajani. Waya akawasha injini na kuanza kutikisa kuanzia kwenye soketi, kidogo kidogo, kuelekea kwenye mpira mnene wa hewa.

"Umetulia," mama aliita. "Umetulia. Endelea. Bado."

Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa sauti ya kijana, sauti ya mtu aliye kazini. Geti likalia, kaka alikuwa ameingia na mnunuzi, na hakuna aliyegeuka. Waya akapenyeza vidole mahali palipobana, kati ya mpira wa hewa na chuma kinachoushikilia.

"Hapo!" mama akapaza sauti. "Hapo hapo, mume wangu! Usiondoe mkono!"

Mama alisikia alichosema, akaziba mdomo kwa kiganja. Waya aliona mabega yake yakitetemeka nyuma ya kioo. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtiririka, na joto la injini lilikuwa likimchoma vidole.

"Sijauondoa, mama," alisema.

Kaka, pale getini, akamgeukia mnunuzi.

"Ndugu yangu, nisamehe kwa usumbufu. Gari haliuzwi."

"Si ulisema bovu? Hata mlima halipandi?"

"Bovu ndiyo. Lakini lina mwenyewe, na mwenyewe yumo ndani."

Mnunuzi akaenda zake akiguna. Waya akazima injini, akavuta nyaya nje na kuzimulika. Ganda la waya lilikuwa limesuguliwa na chuma hadi shaba ikaonekana. Kibanio cha plastiki kilichopaswa kuushikilia kilikuwa kimelegea kwa joto. Alikitambua. Baba alikuwa akifunga nyaya zake zote kwa uzi mweusi wa cherehani, na watu wakimcheka. Msiba ulipokwisha, Waya aliliosha gari kwa upendo wote, akakata nyuzi zile zilizochakaa, akaweka vibanio vipya ili lipendeze.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilikata uzi wa baba."

"Najua. Niliuona umeanguka hapa chini."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalia huku unasugua. Ningesema nini?"

Mama alishuka, akaingia ndani, akarudi na uzi mweusi. Alivuta kipande kirefu, akakikata kwa meno, akamwekea Waya, binti yake, kiganjani.

"Funga vizuri," alisema. "Kesho nataka kuchelewa dukani."