Wawili Walioitwa Mmoja

Mzee fundi redio alipigiwa simu akaambiwa ile filamu ya kutisha aliyoigiza ujanani na pacha wake, iliyosahaulika tangu enzi za picha zisizo na rangi, itaonyeshwa tena, naye ndiye mgeni wa heshima. Alifurahi huyo! Akaenda mbio kwa mjane wa pacha wake. "Shemeji, vaa upendeze. Leo watu watamjua mumeo."

Kumbe wapi! Bango la mlangoni pa ukumbi lilikuwa na jina moja tu, la mzee mwenyewe. Zamani mwongozaji aliamua kuwatangaza kama mwigizaji mmoja aliyejigawa mara mbili ili watazamaji waogope zaidi, na wao kwa ujana wao wakaona ni mchezo mtamu. Sasa mwongozaji kafa, pacha naye kafa, na uongo wao uko palepale, umenenepa.

"Kijana, tulikuwa wawili," akamwambia mshereheshaji.

"Mzee, una utani wewe!"

"Utani gani? Mke wa pacha wangu yule pale, muulize!"

"Tutaongea baadaye, mzee wangu. Watu wanasubiri."

Baadaye gani, jamani? Taa zikazimwa. Kwenye kitambaa wakatokea ndugu wawili ndani ya jumba bovu, mmoja akimfungia mwenzake jenezani angali hai. Mzee alimtazama yule wa jenezani akigonga kifuniko. Siku ile ya kupiga picha hiyo, pacha wake aliumia vidole kweli, maana alikataa kugonga kwa kuigiza. Nyuma yake jamaa mmoja akanong'ona, "Ona alivyojigawa! Ule ni ufundi wa kamera." Ufundi wa kamera! Mzee alitamani kumzaba kofi.

Taa zilipowaka akaitwa mbele. Akakamata kipaza sauti, akasema kwa hasira kwamba yule wa jenezani ni ndugu yake, mtu kamili mwenye mke, tena alimshinda yeye kwa kuigiza. Watu wakacheka. Kila alipozidi kufoka, nao walizidi kucheka. Walidhani bado yumo kwenye mchezo.

"Haya mzee, swali la mwisho," mshereheshaji akasema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Huyo pacha ulimtoa wapi?"

"Tumboni mwa mama yangu!"

Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi na vifijo. Katikati yao shemeji yake alikuwa ameshika mkoba wake, anataka kutoka, na wale waliosimama kushangilia walikuwa wamemzibia njia.